Mguu ndani ya chuma: mwongozo kamili wa kuulea mfupa mpya kwa sisi wa Lamu na Malindi

Hii namwandikia yule ambaye ashaambiwa na daktari wa mifupa kwamba mguu utawekwa chuma cha nje, zile pete na nyaya zinazopenya ngozi mpaka kwenye mfupa, iwe ni mguu mfupi, iwe ulivunjika kwa boda ukaungika upande, iwe ni matege ya tangu utotoni. Mimi nimekaa na chuma hicho kwenye muundi, na tangu nitolewe kila anayepangiwa opresheni hio hapa Langoni analetwa barazani kwetu aulize maswali, kwa hivo nimeona niandike yote mara moja. Mimi sio daktari. Pale daktari wako anaposema tofauti na hapa msikize yeye, manake yeye ndo ana picha ya mfupa wako mkononi.

Jambo moja ulishike kabla hujaendelea: kurefusha ndo kazi ndogo. Kila mtu ananiuliza habari za kuzungusha nati, inauma vipi, unazungusha na nini, kumbe mfupa unarefuka kwa wiki chache tu alafu unakaa miezi huzungushi chochote unangoja ule mfupa mchanga ukomae, na hapo ndo watu huharibu, wanachoka, wanaacha mazoezi, wanaanza kutafuta wa kuwafungulia mapema.

Hatua ya 1: kabla ya kukubali tarehe

Uliza kwanza kama kweli unahitaji. Miguu ikipishana chini ya sentimita 2 kwa kawaida fundi viatu anamaliza, anaongeza soli, basi. Mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye matege yaliyo sawa miguu yote miwili mara nyingi hunyooka mwenyewe, akifika miaka 3 au 4 hata magoti hugongana kidogo alafu yanakaa sawa, hio ni kawaida. Matege ya mguu mmoja, au yanayozidi kila mwaka, hayo sio ya kungoja. Na kama ni ya kukosa vitamini D, damu ipimwe atibiwe hilo kwanza, kwa sababu ukinyoosha mfupa uliolegea utapinda tena mbele ya macho yako.

King Fahd hapa Lamu na hospitali ya Malindi watakuona na kukupa rufaa. Rufaa kubwa ya pwani ni Coast General, Mombasa, na watoto wenye shida za miguu wengi hupelekwa CURE kule Kijabe. Popote utakapotumwa, piga simu kabla ya kufunga safari uulize: hiki chuma cha pete mnakiweka hapo hapo? daktari anayekiweka ndo atakayenifuatilia mpaka kutoka? SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa nini na mfukoni nitatoa nini? Hilo la pili ni zito kuliko watu wanavyodhani, sababu opresheni ni siku moja na ufuatiliaji ni miezi.

Sasa piga hesabu yako. Tuseme unataka sentimita 4. Mfupa unavutwa milimita 1 kwa siku, hio ni siku 40 za kuzungusha. Ongeza wiki moja ya kungoja kabla hujaanza. Alafu kukomaa huchukua mara mbili ya muda wa kuvuta, au zaidi. Kwa mtu mzima madaktari hukadiria mwezi mmoja mpaka mmoja na nusu wa kuvaa chuma kwa kila sentimita, kwa hivo sentimita 4 ni miezi 4 mpaka 6, na watoto huenda haraka kuliko sisi. Mtu akikwambia miezi miwili na umetoka, huyo anakuuzia kitu.

Sigara acha kabla, sio baada. Moshi unabana mishipa midogo ya damu na mfupa mchanga unaishi kwa damu hio. Shisha pia, usiniambie ni ya matunda. Miraa yenyewe inakunyima njaa na usingizi, na vyote viwili utavihitaji.

Hatua ya 2: itengeneze nyumba

Hapa ndo miongozo ya huko nje haitusaidii, manake imeandikiwa watu wenye lifti na gari mlangoni. Nyumba zetu za mawe zina ngazi nyembamba zenye vidato virefu, hamia chini, hata kama ni kulala kwenye daka na wageni wanapita. Kitanda kiwe cha kawaida, mkeka sahau, kuinuka kutoka chini na chuma ni adhabu.

Choo cha kuchuchumaa hukiwezi. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, fundi akate tundu katikati asage makali yake, weka juu ya choo. Bei ya kiti kimoja tu, na itakuokoa heshima yako kila asubuhi.

Nguo: wanaume kikoi, wala usijisumbue na suruali. Wanawake dera pana, na buibui liwe la kukata mbele. Ila barabarani usikifunike chuma kabisa, manake punda wa Lamu wanatembea na makanda ya mchanga pande zote mbili na kichochoro ni kile unachokijua, anayewaswaga akikuona na kikoi tu hajui ndani kuna nini, atakupitisha kanda kwenye pete utaona nyota. Funga kitambaa cheupe juu ya chuma, na mtu atangulie mbele apige ukelele wa kupisha.

Magongo yajaribu kabla ya opresheni. Kujifunza kutembea na magongo siku mguu unauma ni kujitesa bure.

Hatua ya 3: siku ya opresheni, wanafanya nini hasa

Daktari anapitisha nyaya nyembamba na pini nene kwenye mfupa, anazifunga kwenye pete, kisha anaukata mfupa wenyewe kwa uangalifu sana. Anaukata karibu na mwisho wake, pale penye damu nyingi, sio katikati, na ule utando unaofunika mfupa anajitahidi usichanike, manake kwenye utando ule na kwenye uboho ndo mfupa mpya utatokea. Ukiamka ganzi imeisha utaona mguu umevimba, pete zimeuzunguka, na wala hujarefuka hata milimita. Ni sawa.

Saa 24 mpaka 48 za mwanzo jambo la kuangalia ni hili: maumivu yanayozidi juu ya dawa, goko limekakamaa gumu, na ukivutwa vidole vya mguu unapiga kelele. Hio mwite nesi saa hio hio, usingoje raundi ya asubuhi, inaweza kuwa misuli imebanwa na damu haipiti.

Hatua ya 4: siku 5 mpaka 10 za kutofanya kitu

Mfupa ukishakatwa damu inajaa pale na kuganda, na seli za kujenga mfupa zinaanza kukusanyika. Ukianza kuvuta siku ya pili unazichana kabla hazijashikana. Ukichelewa sana mfupa unajifunga. Kwa hivo kuna dirisha, kwa wengi ni siku 5 mpaka 7, wengine mpaka 10, daktari anaangalia umri wako na hali ya mfupa. Tumia siku hizi kujifunza kusafisha pini na mwombe akuonyeshe kuzungusha, zungusha mbele yake, asiridhike na wewe kutikisa kichwa.

Hatua ya 5: kuzungusha

Sheria yenyewe ni fupi. Milimita 1 kwa siku, igawe mara 4, robo milimita kila mara. Kwenye chuma cha kawaida cha pete nati ikizunguka mara moja nzima ni milimita 1, kwa hivo robo ya mzunguko asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Waislamu tunaweza kufuatanisha na sala, alfajiri, adhuhuri, magharibi na isha, hutasahau. Paka rangi ya kucha upande mmoja wa kila nati ili uone imefika wapi, na andika kwenye daftari, saa ngapi, nati gani, nani kazungusha. Mwenye chuma cha mikono 6, kile cha kupangwa na kompyuta, yeye anapewa karatasi ya namba za kila mkono kwa kila siku, afuate karatasi tu asitumie akili yake.

Kwa nini 1, kwa nini sio 2 umalize haraka? Hili lilijaribiwa na aliyeleta njia yenyewe, daktari Gavriil Ilizarov, aliyekuwa Kurgan kule Siberia, alianza miaka ya 1950. Alijaribu kwa mbwa akaona nusu milimita kwa siku mfupa mara nyingi unajifunga kabla ya wakati, milimita 2 mfupa mpya unakuwa dhaifu na nyama na mishipa inaumia, 1 ndo ikakaa. Akaona pia kugawa vidogo vidogo ni bora kuliko kuvuta mara moja. Inasimuliwa kwamba hata hii siri ya kuvuta aliipata kwa bahati, mgonjwa alikuwa akaze nati akazungusha upande usio, na picha ikaonyesha mfupa unajaa kwenye nafasi iliyoachwa. Dunia ilianza kumsikia alipomtibu Valery Brumel, mrukaji wa juu aliyechukua dhahabu Tokyo 1964 alafu akavunjika vibaya kwa pikipiki mwaka uliofuata. Opresheni nyingi hazikumfaa, 1968 akaenda Kurgan, mguu ukapona akarudi kuruka. Wataliano wakaichukua mwanzo wa miaka ya 1980 na kutoka hapo ikasambaa. Kwa hivo ukisikia mtu anasema ni majaribio mapya, mwambie ina umri kumshinda yeye.

Kama ni kunyoosha na sio kurefusha tu, upande uliopinda ndani unafunguliwa zaidi na upande wa pili kidogo au hapana kabisa, mfupa unageuka polepole. Hapo nati zako hazitalingana, usishtuke wala usizisawazishe.

Ukisahau mara moja usirudishie mbili kwa pamoja. Piga simu. Nati ikiwa ngumu ghafla, maumivu yamezidi, na nyaya zimepinda kwa kukazwa, huenda mfupa umejifunga kabla ya wakati, usilazimishe na spana, nenda. Ukisikia tap! ndani ya mguu, waya umekatika au mfupa umeachia, nenda vilevile.

Maumivu huzidi usiku na ni ya misuli na mishipa ya fahamu kuvutwa, kwenye mfupa wenyewe sio sana. Paracetamol kwa saa zake ndo msingi. Zile diclofenac na ibuprofen za duka la dawa la mtaani madaktari wengi huzikwepa kwa muda mrefu wakati wa kujenga mfupa, uliza kabla ya kununua. Tramadol ni ya kupewa na daktari kwa siku zilizohesabiwa, sisi watu wa pwani tunajua vidonge vinavyofanya kwa vijana wetu, sina haja ya kueleza.

Hatua ya 6: pini, kila siku mpaka mwisho

Karibu kila mwenye chuma hupata kero ya pini wakati fulani, kwa hivo isikuvunje moyo, swali ni unaiwahi au unaiacha. Hospitali zina taratibu tofauti, wengine kila siku wengine mara moja kwa wiki, fuata ya kwako lakini misingi ni hii. Mikono kwa sabuni. Maji ya chumvi ya hospitali au dawa waliyokupa, na kama ni maji ya nyumbani yachemshwe yapoe, ya kisima na ya jabia hayaingii kwa pini bila kuchemshwa hata yakiwa matamu vipi. Kila pini kipande chake cha shashi, usitumie kimoja kuzunguka pini zote, unagawa wadudu. Anza na zilizo safi, malizia na ile yenye shida. Futa kutoka kwenye pini kwenda nje, futa na chuma chenyewe. Kigaga kikavu kilichoshika usikibandue kwa nguvu. Alafu funga shashi kwa kubana kidogo ngozi isicheze, manake ngozi kuchezacheza juu ya waya ndo chanzo cha mengi.

Maji maji ya njano kidogo, sawa. Wekundu unaosambaa, joto, maumivu mapya kwenye pini moja, usaha, hio ni ya antibayotiki na ukiwahi vidonge vinatosha, ukichelewa wadudu wanateremka mpaka kwenye mfupa na hapo ni kulazwa na pini kung'olewa. Pini inayotikisika ukiigusa haiponi kwa vidonge, wakakaze au watoe.

Mafuta ya nazi, asali, tope, majani, hapana. Bibi yangu mwenyewe alikuja na kikopo nikambusu mkono nikakiweka dirishani. Na baharini usiingie, mchanga wa Shela ni mzuri kwa macho. Kuoga mwili, mfunge mguu nailoni mpaka daktari aruhusu maji ya bomba. Kuhusu udhu, hukumu ya kupaka juu ya bandeji ipo na inajulikana, kaa na imamu wako akueleze, na kuswali ni kwenye kiti. Ramadhani ikikukuta kwenye dawa za saa na mfupa unaojengwa, muulize daktari na sheikh wote wawili kabla ya kunuia.

Hatua ya 7: viungo visikakamae

Mfupa unarefuka, misuli haitaki. Ukirefusha muundi, misuli ya nyuma inavuta kisigino juu na goti linataka kukunja, ukilala nayo hivo miezi unatoka na mguu mrefu unaotembea kwa vidole, faida iko wapi? Mto weka chini ya kifundo goti linyooke, usiuweke chini ya goti hata kama ndo kunastarehesha. Ndara moja itoboe mbele, pitisha mpira wa tairi la baiskeli, funga kwenye pete ya juu, ivute nyayo ikae pembe ya mraba, hio unavaa ukiwa umelala na ukiwa umekaa barazani. Nyoosha goti, vuta nyayo kwa leso, mara nyingi kwa siku kidogo kidogo. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, muone hata kama ni wa mbali, hata mara chache, akupime na akurekebishe. Hapa nasema wazi: nimeona waliopuuza pini wakapona, waliopuuza kisigino sijaona aliyesalimika bila opresheni ya kano.

Goti likianza kugoma kunyooka, au huwezi tena kuinua kidole gumba cha mguu, au juu ya nyayo kumekufa ganzi, simamisha kuzungusha na piga simu siku hio hio. Mshipa wa fahamu umevutwa kupita kiasi, na ukiwahi daktari atapunguza kasi au kurudisha nyuma kidogo.

Hatua ya 8: kungoja, kazi yenyewe

Siku ya kuzungusha mara ya mwisho utafurahi. Furahi, lakini ndo kwanza umefika nusu ya njia, wala sio nusu. Kwenye ile nafasi uliyofungua kuna kitu laini. Mwanzoni kwenye picha huonekana kama pengo jeusi, baada ya wiki 3 au 4 tangu uanze kuvuta yanaanza kutokea mawingu yenye mistari, kutoka juu na kutoka chini, yanaelekeana, na katikati kunabaki mkanda mweusi. Ule mkanda ndo kiwanda, hapo ndo mfupa unazalishwa. Ukiacha kuvuta mkanda unajifunga, mistari inashikana, alafu polepole kuta za nje za mfupa zinachorwa upya.

Ni slabu ya zege hio. Juu inaonekana imekauka, fundi mwenye haraka anatoa mbao, slabu inashuka.

Kwa hivo jifunze kusoma picha yako. Mwambie daktari akuonyeshe kuta 4: ukipigwa picha ya mbele unaona kuta 2, ya ubavuni 2. Madaktari wengi wanataka angalau 3 kati ya 4 ziwe zimekamilika, nyeupe, bila mwanya, ndo wafikirie kutoa. Wakati wa kuvuta picha hupigwa kila wiki 1 au 2, wakati wa kungoja kila mwezi hivi, kaa na picha zote kwenye simu zikiwa na tarehe uweze kulinganisha. Mfupa mpya uwe mpana sawa na wa zamani. Ukiwa umebanwa kiuno katikati, au hauji kabisa, daktari anaweza kupunguza kasi, kusimamisha, kubana alafu kuvuta tena, au kupandikiza mfupa kutoka nyongani. Hio sio kwamba umeshindwa, ni sehemu ya matibabu.

Unausaidiaje ukomae? Kusimama. Chuma cha pete kimetengenezwa mtu akikanyage, na uzito ukipita kwenye mfupa unauambia ujenge. Daktari atasema uanze na kiasi gani, mwenye chuma cha upande mmoja kwenye paja huenda akaambiwa kidogo zaidi, lakini akishasema kanyaga, kanyaga, usikae kitandani unaogopa. Mimi nilikuwa natoka jioni punda wamepungua, naenda mpaka ukingoni na kurudi, watu wanasalimu chuma kabla ya kunisalimu mimi.

Na kula. Sisi tumebarikiwa bana: jodari, nguru, na dagaa wa kuliwa na mifupa yake, hio ni protini, vitamini D na chokaa ya mifupa kwa sahani moja. Mayai, maziwa, kunde, maharagwe. Chai ya rangi na mkate mtupu asubuhi mpaka mchana haijengi mfupa. Jua nalo, unaweza kuishi Lamu na ukakosa vitamini D ukishinda ndani ya kuta za mawe, panda darini ukiweza au kaa uani, mikono na uso vipate jua. Mwenye sukari aishike sukari yake, pini zake zitamshukuru.

Mwezi wa tatu wa kungoja ndo mbaya kuliko yote, hakuna nati ya kuzungusha, hakuna sentimita za kuhesabu, wageni washaacha kuja. Hapo ndo anatokea mjomba na fundi wa kuunga mifupa aje akande. Wazee wetu wa kuunga wana heshima yao, lakini pale penye mfupa mchanga hapakandwi na mtu yeyote.

Safari za kliniki

Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kilomita 120 hivi, unaenda na kurudi siku hio hio. Kutoka Lamu hesabu ingine kabisa, na ndo maana nashauri wakati wa kuzungusha ukae kwa ndugu Mombasa au Malindi ukiweza, urudi Lamu wakati wa kungoja, picha zikiwa za kila mwezi. Boti ya Mokowe ipande maji yakiwa yamejaa, chombo kinalingana na gati unavuka, maji yakitoka utashushwa zile ngazi zenye utelezi na chuma mguuni, sikushauri. Mguu ufunge nailoni kwa ajili ya chumvi inayoruka. Basi chukua kiti cha mbele, mguu unyooshwe, na kila linaposimama shuka ukanyage, manake kukaa kutwa na mguu uliofungwa kunaleta damu kuganda. Shavu la mguu likivimba ghafla upande mmoja na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, ni dharura, sio uchovu wa safari.

Hatua ya 9: kutoa

Daktari mzuri hatoi ghafla. Kwanza analegeza, anapunguza baadhi ya nyaya au fito ili mfupa ubebe uzito zaidi wenyewe huku chuma bado kipo, unatembea hivo kwa muda. Ukiwa huna maumivu na picha haijabadilika, vizuri. Ukianza kuuma au kupinda, wanakaza tena, na hio ni bahati yako maana wamejua mapema. Kutoa kwenyewe ni kwa muda mfupi, wengine wanalazwa usingizi wengine dawa ya maumivu tu, matundu ya ngozi yanafunga ndani ya wiki chache, ila matundu ndani ya mfupa yanachukua muda zaidi.

Ndo maana wengi wanapewa plasta au kifaa cha kushikilia mguu kwa wiki kadhaa baada ya hapo, usione ni kuongezewa kifungo. Mfupa mpya unaweza kuvunjika au kuinama wiki hizi za mwanzo kuliko wakati wowote. Magongo bado, unaacha moja kwanza ndo la pili. Mpira hapana, kubeba ndoo za maji hapana, kuruka kutoka kwenye dau kwenda majini hapana, na nyuma ya boda usipande mpaka picha ya kuta zote 4 iseme sawa. Siku ya kutolewa omba picha ya mwisho na ripoti iliyoandikwa mfupa ulirefushwa wapi na kiasi gani, iweke pamoja na kitambulisho, kwa sababu daktari atakayekuona miaka kumi ijayo atataka kuiona.